Video Inayokwamakwama: Namna ya Kuhamisha Diski za Familia Kuwa Faili Bila Kuharibu Mwendo wa Picha



Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe, kuanzia Chanika na Mkata hadi Manundu na Mombo, kuna kabati, sanduku au bahasha iliyohifadhi diski za CD na DVD. Ndani ya diski hizo mna harusi za wazazi, mahafali ya watoto, khitma, ubatizo, mazishi, pamoja na ngoma za Selo na Mdumange zilizochezwa na wazee ambao wengine wameshatangulia mbele ya haki. Tanzania Bara haikuwa na vituo vya televisheni hadi miaka ya 1990, na kamera za video zilikuwa mikononi mwa watu wachache. Kwa familia nyingi, basi, diski hizo ndizo kumbukumbu pekee zinazoonyesha namna babu alivyotembea na kutoa sauti ya bibi alipozungumza.

Deki za kuchezea diski zinazidi kuadimika, na kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa siku hizi hazina sehemu ya kuingizia diski. Ndiyo sababu wenye diski wanazihamisha kuwa mafaili ya kuhifadhiwa kwenye kompyuta, flashi au simu. Kazi hiyo ni njema, ila mara nyingi huleta malalamiko ya aina moja: faili likichezwa, picha inasitasita, inaganda au inaruka. Maharusi wanaingia ukumbini kwa mirukomiruko, na mdomo wa mzee unatangulia au kuchelewa maneno yake.

Hasara kubwa zaidi huja baadaye. Mwenye diski hudhani kazi imekwisha, akaitupa diski, kisha baada ya miezi kadhaa akagundua kuwa faili lina kasoro. Kasoro nyingi za faili hurekebishika maadamu diski ipo. Diski ikishatupwa, hakuna tena pa kurejea. Kwa hiyo Kitengo cha Mawasiliano Serikalini kinakuletea somo hili lenye kanuni moja: tafuta kwanza mahali kasoro ilipozaliwa, kisha rekebisha hapo hapo.

Diski inabeba nini?

Video ni mfululizo wa picha zilizotulia, ziitwazo fremu, zinazopita mbele ya macho kwa kasi kiasi kwamba jicho huona mwendo usiokatika. Diski zilizorekodiwa nchini kwetu kwa kawaida hufuata mfumo wa PAL, ambao una fremu 25 kwa kila sekunde. Marekani na Japani hutumia mfumo wa NTSC wenye fremu zinazokaribia 30 kwa sekunde. Tofauti hii ndogo ndiyo chanzo cha matatizo mengi tutakayoyaona hapa chini.

Diski zenyewe ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni VCD, yaani video iliyowekwa kwenye diski ya CD yenye nafasi ya MB 700 hivi. Picha yake katika mfumo wa PAL ina nukta 352 kwa 288, na faili lake hukaa ndani ya folda iitwayo MPEGAV likiwa na mwisho wa DAT. Ya pili ni DVD, ambayo ile ya tabaka moja hubeba hadi GB 4.7. Picha yake ina nukta 720 kwa 576, na mafaili yake hukaa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS yakiwa na mwisho wa VOB, kila moja likiwa na ukubwa usiozidi GB 1. Ukifungua diski kwenye kompyuta ukaona mojawapo ya folda hizo, utajua unashughulika na aina gani.

Maswali matatu ya uchunguzi

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote wa programu, jiulize maswali yafuatayo. Majibu yake yatakuonyesha mahali pa kuanzia.

1. *Je, video hukwama mahali pale pale kila ichezwapo?* Ikiwa hukwama dakika ya 14 leo, na kesho ikakwama dakika ile ile hata kwenye kifaa kingine, kasoro imo ndani ya faili lenyewe. Imetoka kwenye diski au kwenye ubadilishaji. Ikiwa hukwama mahali tofauti kila mara, faili huenda ni zima na kifaa cha kuchezea ndicho kilicholemewa.

2. *Je, sauti nayo hukatika?* Picha na sauti zikisimama kwa pamoja, na hasa picha ikigawanyika vipande vya mraba, kuna taarifa zilizoshindwa kusomwa kutoka kwenye diski. Sauti ikiendelea vizuri huku picha ikisitasita, shuku mwendo wa fremu au udhaifu wa kifaa.

3. *Je, kasoro huonekana pale penye mwendo tu?* Ikiwa mtu aliyeketi anaonekana vizuri, lakini anayecheza ngoma anaonekana akirukaruka au kingo za mwili wake zina mistari kama meno ya kitana, basi diski haina tatizo. Kosa lilitendeka wakati wa kubadilisha.

Andika majibu kwenye karatasi pamoja na dakika ambazo video ilikwama. Kumbukumbu hiyo itakusaidia wewe mwenyewe, na itamsaidia fundi endapo utaamua kumpelekea kazi.

Kasoro inapotoka kwenye diski

Itazame diski kwenye mwanga. Vumbi, alama za vidole na mikwaruzo midogo upande unaong'aa huzuia mwale wa kisomeo kuona taarifa. Ioshe kwa maji safi yenye tone la sabuni laini, kisha ikaushe kwa kitambaa laini cha pamba. Futa kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kuelekea ukingoni. Usifute kwa kuzungusha, kwa maana taarifa za diski zimepangwa kwa mzunguko, na mkwaruzo unaofuata mzunguko huo hufuta taarifa nyingi mfululizo. Usitumie dawa ya meno wala vitu vya kusugulia. Hivyo huongeza mikwaruzo.

Upande wenye maandishi nao unahitaji uangalifu, hasa kwa diski za CD. Tabaka la kuakisi mwanga la CD liko chini kabisa ya lebo, hivyo mkwaruzo wa kalamu ngumu upande huo unaweza kuling'oa. Ukiinua CD kwenye mwanga ukaona vitundu vinavyopitisha nuru, sehemu hizo hazitasomeka tena. DVD ina ahueni, kwa kuwa tabaka lake limebanwa katikati ya plastiki mbili.

Diski nyingi za harusi na mahafali zilichomwa kwenye kompyuta ya mpiga picha, hazikuchapwa kiwandani. Diski za namna hiyo hutunza taarifa kwenye rangi maalumu inayodhoofishwa na joto na jua. Diski iliyokaa miaka mingi juu ya televisheni karibu na dirisha inaweza kushindwa kusomeka hata kama haina mkwaruzo hata mmoja.

Baada ya kusafisha, usianze kubadilisha moja kwa moja kutoka kwenye diski. Nakili kwanza folda nzima ya VIDEO_TS au MPEGAV kwenye hifadhi ya ndani ya kompyuta. Hatua hii ina faida mbili. Kwanza, diski huzungushwa mara moja tu, na majaribio yote yanayofuata hufanyika kwenye nakala. Pili, kunakili ni kipimo cha afya ya diski: ikinakilika hadi mwisho bila ujumbe wa kosa na nakala ikacheza vizuri, diski umeiondoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Ikigoma kunakilika, usiilazimishe kwa kurudia mara kumi. Jaribu kisomeo kingine, kwa kuwa visomeo hutofautiana uwezo, na diski iliyokataliwa na kimoja huweza kukubaliwa na kingine. Ikishindikana, kuna programu za uokoaji kama ddrescue, ya bure, ambazo huruka sehemu iliyoharibika, huokoa zilizo nzima, kisha hurudi kujaribu palipobaki. Kazi hii ni afadhali aifanye fundi mwenye uzoefu. Ni bora kupata harusi yenye pengo la sekunde chache kuliko kuikosa yote.

Kasoro inapotoka kwenye ubadilishaji

Hapa ndipo penye makosa mengi, na habari njema ni kwamba yote hurekebishika kwa kurudia kazi kutoka kwenye nakala. Programu mbili za bure zinatosha: VLC kwa kuchezea na kuchunguza, na HandBrake kwa kubadilisha.

*Mwendo wa fremu.* Baadhi ya programu hulazimisha video zote ziwe na fremu 30 kwa sekunde. Diski yetu ina fremu 25. Ili kujaza pengo la fremu 5, programu hurudia fremu moja baada ya kila fremu tano. Mpiga ngoma anayezungusha mkono ataonekana akisita mara 5 kila sekunde. Video ikishushwa hadi fremu 24, fremu moja hutupwa kila sekunde, na picha huonekana ikiruka mara moja kwa sekunde. Dawa yake ni kutobadilisha mwendo wa asili. Fungua nakala ya diski kwa VLC, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, usome idadi ya fremu za video. Kisha katika HandBrake, sehemu ya video, chagua Same as source, maana yake mwendo ubaki kama wa chanzo, na uweke alama kwenye Constant Framerate ili mwendo uwe mmoja mwanzo hadi mwisho. Mwendo unaobadilikabadilika ni miongoni mwa sababu za sauti kuachana na midomo kwenye baadhi ya vifaa. Diski iliyoletwa na ndugu aishiye Marekani iachwe na mwendo wake wa fremu 30 hivi. Nayo usiishushe iwe 25.

*Mistari ya kitana.* Kamera nyingi za video za miaka ile hazikupiga fremu nzima kwa mkupuo. Zilichukua kwanza nusu ya mistari ya picha, tuseme ya witiri, kisha baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde zikachukua mistari ya shufwa. Televisheni za zamani zilichora picha kwa utaratibu huo huo, hivyo mtazamaji hakuona kasoro. Skrini ya simu au kompyuta huonyesha mistari yote kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni kwamba nusu mbili zilizopigwa nyakati tofauti zinakaa pamoja, na kitu chochote kinachotembea kinaota meno kama ya kitana. Katika HandBrake, fungua sehemu ya vichujio na uwashe Deinterlace au Decomb. Anayetaka mwendo laini zaidi, hasa kwa ngoma na michezo, anaweza kuchagua Bob na kuweka fremu 50 kwa sekunde. Kila nusu itafanywa kuwa fremu kamili, ingawa faili litakuwa kubwa zaidi. Iwapo baada ya hapo picha inaonekana kwenda mbele na kurudi nyuma kwa kutetemeka, ni dalili kwamba programu imesoma mpangilio wa nusu hizo kinyume, na yapaswa kugeuzwa.

*Kubadili jina la faili.* Wapo wanaochukua faili la VOB, wakalibadili mwisho wake kuwa MPG, wakaliita kazi iliyokamilika. Faili hilo huweza kucheza, lakini saa ya ndani ya video haikupangwa upya. Mafaili ya VOB yakiunganishwa kiholela, saa hiyo huweza kuruka kwenye viungio, na kifaa huganda au hupotea njia unaposogeza video mbele. Njia salama ni kuipa HandBrake folda yote ya VIDEO_TS ili isome mpangilio wa diski yenyewe.

*Kukuza picha.* Usiigeuze DVD yenye nukta 720 kwa 576 kuwa picha ya nukta 1920 kwa 1080 ukitarajia ing'ae zaidi. Taarifa ambazo kamera haikuzinasa haziwezi kuumbwa na programu hiyo. Utapata faili zito litakalolemea simu, na mkwamo utaongezeka.

Kasoro inapotoka kwenye kifaa cha kuchezea

Faili zima huweza kukwama kwa sababu ya kifaa dhaifu. Lijaribu kwenye vifaa viwili au vitatu tofauti kabla ya kulilaumu. Ukilichezea kwenye VLC, fungua tena dirisha lile la taarifa na utazame sehemu ya takwimu. Idadi ya fremu zilizopotea ikiendelea kupanda, kompyuta imezidiwa kazi. Funga programu nyingine, kisha jaribu tena.

Flashi za bei ndogo husoma polepole. Hamishia faili kwenye hifadhi ya ndani. Likicheza vizuri humo, flashi ndiyo yenye tatizo. Aidha, flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ikikataa faili kubwa, usidhani limeharibika.

Mwisho, zingatia namna video ilivyobanwa. Mbinu ya H.264 inakubalika kwenye simu, kompyuta na televisheni nyingi. Mbinu mpya ya H.265 hutoa faili dogo zaidi, lakini vifaa vingi vya zamani hushindwa kuifungua kwa kasi inayotakiwa. Kwa kumbukumbu ya familia itakayopitia mikono mingi, chagua H.264 ndani ya faili la MP4.

Jaribio la dakika mbili

Kubadilisha diski ya saa mbili kwenye kompyuta ya kawaida kunaweza kuchukua muda mrefu. Usisubiri hadi mwisho ndipo ugundue kosa. Chagua dakika mbili tu, na ziwe za mwendo: kuingia kwa maharusi, ngoma, au kamera inapozunguka ukumbini. Hotuba haitakuonyesha kasoro, kwa sababu msemaji amesimama. Badilisha kipande hicho, kicheze kwenye simu na kwenye televisheni, tazama mikono na miguu ya wachezaji, kisha sikiliza kama sauti inakwenda na midomo. Kikikubalika, badilisha diski nzima kwa mpangilio ule ule. Kazi ikiisha, itazame mwanzo, katikati na mwisho.

Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na video ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi utakapofika kwenye diski ya pili.

Ukimpelekea fundi

Wakazi wasio na kompyuta hupeleka diski kwenye steshenari na studio za mijini. Kabla ya kulipa, kubalianeni mambo yafuatayo:

- Mwendo wa fremu utabaki kama ulivyo kwenye diski.
- Utaonyeshwa kipande cha majaribio chenye mwendo kabla ya kazi nzima.
- Utapewa faili lililobadilishwa pamoja na nakala kamili ya folda ya VIDEO_TS au MPEGAV.
- Diski yako utarudishiwa.
- Nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya fundi itafutwa baada ya makabidhiano. Video ya familia ina sura na sauti za watu, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ikumbukwe pia kwamba filamu na nyimbo zinazouzwa madukani zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Somo hili linahusu kumbukumbu zako binafsi. Halimpi mtu ruhusa ya kudurufu na kuuza kazi za wasanii.

Kwa vijana wenye ujuzi wa kompyuta, kazi hii inaweza kuwa chanzo cha kipato. Vikundi vinavyotaka kuanzisha huduma hiyo vinaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata na kuuliza masharti ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kutunza kilichookolewa

Weka nakala mbili mahali pawili tofauti, mathalani moja kwenye kompyuta ya nyumbani na nyingine kwenye flashi kwa ndugu aishiye mji mwingine. Flashi ya GB 32 inatosha diski sita za DVD zilizojaa. Yape mafaili majina yanayoeleweka: tukio, mahali na mwaka. Diski zenyewe zisimamishwe wima ndani ya makasha yake, mahali pakavu, penye kivuli. Usizitupe hata baada ya faili kukubalika, kwa maana vifaa vya kesho huenda vikaweza kuzisoma vizuri kuliko vya leo.

Maswali ya kujipima

1. Video inaganda dakika ya 9 kwenye simu, kompyuta na televisheni, na picha inagawanyika vipande vya mraba. Utaanza kuchunguza wapi?
2. Kwa nini diski yenye fremu 25 kwa sekunde husitasita ikigeuzwa kuwa fremu 30?
3. Faili linakwama likichezwa kutoka kwenye flashi, lakini halikwami likiwa ndani ya kompyuta. Tatizo liko wapi?
4. Kwa nini hotuba si kipande kizuri cha majaribio?

Soma majibu yako pamoja na wanafamilia, kisha anzeni na diski moja, ile mnayoithamini kuliko zote.